Hodi ya Nne

Kwetu hodi ni tatu.
Ukipiga ya tatu pasi na jibu, unageuka,
unashika njia, huulizi.
Mashine haikufunzwa adabu hiyo.
Yenyewe hupiga nne,
na mimi nimekaa juu ya kreti la soda
mbele ya lango la mtandao, ghorofa ya pili,
ushirika wa korosho, Malindi,
nahesabu.

Hodi. Karibu.
Hodi. Karibu.
Hodi.
Hodi.

Leo siku ya tatu.
Bwana Twahir ameshawapigia watu wa Mombasa,
akabonyeza moja, akabonyeza tatu,
akachezewa muziki hadi salio likaisha.
Amelaumu mvua, nayo haijanya wiki tano.
Amelaumu waya wa baharini,
na kunguru aliyejenga kwenye mlingoti.
Dawa anayoijua ni moja: zima, washa.
Seva huzimwa, huwashwa,
ikachangamka kama mgonjwa aliyeguswa na daktari,
kisha homa ikarudi.

Chini, kwenye benchi, watu wa Ganda na Kakuyuni
wameshika vitabu vyao vya kilo.
Malipo yamekwama asilimia sitini na moja.
Mama mmoja, Kadzo, akaniuliza
kwa upole uliokaribia matusi:
"Mwanangu, huo mtandao ukiondoka, huwa unakwenda wapi?"

Sikujua.
Nikatoa daftari, nikaandika saa.
Saa mbili na robo, umekata.
Saa saba kamili, umerudi.
Saa nane kasorobo, umekata.
Saa kumi na moja, jengo tupu, safi kama kioo,
na usiku kucha hodi haikosi jibu.
Maradhi gani haya yanayofuata saa za kazi,
yanayotoka kwenda kula?

Hapo nikaacha kuliuliza lango kama lipo.
Nikauliza: anayeitika ni nani?
Namba ni ile ile,
mia moja tisini na mbili, mia moja sitini na nane,
sifuri, moja,
lakini sura, ile alama ya kiwandani,
alfajiri ni hii, mchana ni nyingine.
Nyumba mbili, namba moja mlangoni.
Barua zetu zote zaangukia kwa jirani
asiyejua kusoma.

Nikaufuata waya kwa vidole,
chini ya mkeka, nyuma ya kabati la faili,
ukapenya tundu la panya,
ukaibukia kwa Nyevu wa risiti.
"Hii?" akasema. "Ile mpya imeisha wino.
Hii nimeitoa stoo Jumatatu.
Nikifika naiwasha, nikienda kula naizima.
Umeme ghali, si ndivyo mlivyosema?"
Akaipapasa printa mgongoni kama paka.

Nikaigeuza.
Ubavuni, kibandiko cha manjano,
namba ile ile kwa wino mzito,
tisa yake ina mkia uliopinda kama ndoana.
Tisa hiyo naijua.
Miaka sita nyuma, kijana wa mafunzo,
nauli ya kukopa,
niliambiwa ipe printa namba, nikaipa iliyonijia kwanza.
Lango wakati ule lilikaa namba nyingine.
Likahama. Printa ikalala stoo
na jina lake kifuani.

Kubadilisha, dakika mbili.
Hodi. Karibu.
Hodi. Karibu.
Hodi. Karibu.
Ya nne nikaisubiri bila kupumua.
Karibu.

Chini simu zikaanza kulia, moja, mbili,
kisha zote, korosho zikipasuka kikaangoni.

Bwana Twahir akauliza lilikuwa nini.
"Mgongano wa anwani," nikasema.
Kweli tupu, nusu yake.

Nyevu alikuwa akitazama ukucha wangu
ukikwangua kibandiko.
Akanisogezea kalamu.
"Andika mpya," akasema,
"na hiyo tisa yako
safari hii inyooshe."